Jicho Nililolipaka Wanja

Ipo siku moja hainitoki, mwanangu Salma, na leo nakusimulia kwa hasira, kwa sababu jana nilikuona ukimpaka mwanao wanja.

Ulikuwa na miezi sita, tunaishi huku ugenini, mtaa wa Joubert Park, chumba kimoja. Jicho lako la kushoto lilikuwa linaelekea puani. Siku ya chanjo nesi aliniandikia karatasi nikupeleke kwa daktari wa macho. Niliikunja nikaitia kwenye pochi, ikakaa humo. Shangazi zako wa Tanga walisema kengeza kwa mtoto wa kike ni urembo, nami nilitaka kuwaamini. Tena niliwaogopa wenzangu wa msikitini Mayfair, wasije wakasema nimezaa mtoto mwenye ila. Basi kila asubuhi nikakupaka wanja mzito, mpaka macho yakawa yanatoka machozi.

Jirani yetu alikuwa Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu, mtu mzima asiye na simile. Siku hiyo nilikwenda kwake kuchukua gauni, akakupakata, akakuchezeshea kitambaa chekundu. Akaziba jicho lako la kushoto kwa kiganja, ukaendelea kukifuata kitambaa. Akaziba la kulia, ukalia, ukamsukuma mkono. Alirudia mara tatu.

“Mama Salma, mutoto anaona na jicho moja tu,” alisema. “Hii ingine inalala. Na weye unaipaka rangi.”

Nilimwambia ashone nguo zake aachane na mtoto wangu, nikaondoka. Nilikupeleka hospitali ulipoanza shule, baada ya mwalimu kunisumbua. Wakakuziba jicho zima miezi mingi ili lile jingine lifanye kazi, likaamka kidogo tu. Mpaka leo ukimimina chai inaanguka nje ya kikombe, nawe unacheka. Mimi sicheki.

Sasa nisikilize. Mtoto mchanga anaona vizuri cha karibu tu, kama kutoka anaponyonya hadi usoni pako. Mpe uso wako, siyo simu. Zungumza naye akikutazama. Akifika miezi mitatu hivi, pitisha kitu mbele yake taratibu uone kama macho yanafuata. Baadaye mwache chini avifikie vitu, atambae. Wanja tupa. Jicho kwenda upande wiki za mwanzo hutokea, lakini likiendelea baada ya miezi minne ni la kupelekwa kliniki, bila kuuliza shangazi yeyote.

Wa kwako ana miezi mitano. Jicho lake nimeliona, na wewe umeliona, ndiyo maana umeshika wanja. Jana ukaniambia, “Eish, mama, watu watasema nini?”

Watu walisema zamani, nikawasikiliza mimi, na jicho lililopotea lilikuwa lako. Nisamehe. Mfunge mtoto mgongoni twende kliniki sasa hivi. Mungu amjalie macho mawili yanayoona, na wewe akupe ujasiri ambao mama yako hakuwa nao.