Mpira wa Bi Saadiya

Bi Saadiya aliomba mpira akaletewa mti. Kisa chenyewe ni hicho, na angekuwa mwanamke mwenye mdomo kidogo tu, kingekwisha siku ile ile kwa kicheko na kila mtu angeshika kazi yake. Lakini yeye ni katika wale ambao ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaokuomba radhi.

Wakati huo, miaka mingi nyuma, mumewe, Bwana Badawi, fundi wa kuchonga milango, alikuwa akienda Mombasa kutafuta mbao. Darini Bi Saadiya alikuwa na makopo yake ya asumini na mrehani, na maji aliyapandisha kwa ndoo kutoka bomba la chini. Akamwambia mumewe, "Niletee mpira wa maua yangu. Uwe mrefu." Mrefu, kwa sababu ngazi za nyumba ile, kama za nyumba zote za zamani za Amu, Lamu kwa watu wa bara, zimesimama wima na hazina huruma na magoti ya mtu. Bwana Badawi akarudi na mti wa mpira ndani ya chungu, majani mapana yanang'aa, umemzidi yeye kimo. Alikuwa ameukumbatia ndani ya basi safari nzima, akigombana na kila abiria aliyeuegemea, akauvusha kwa boti kutoka Mokowe, kisha akawaongoza wapagazi mpaka chumba cha juu.

"Ulisema mrefu," alimwambia mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtoto siku ya Idi.

Sasa hapo wewe ungefanyaje? Mimi ningesema. Bi Saadiya alimeza mate, akasema, "Mashallah. Ndio huu huu."

Haki ya Mungu, Bwana Badawi aliutunza mwenyewe. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alipangusa majani moja moja kwa kitambaa kibichi, akageuza chungu ili upande uliokaa gizani nao uone mwanga. Alijifunza kwa makosa. Mwanzoni aliyapaka majani mafuta ya simsim, kama anavyopaka milango yake, vumbi likaganda, sisimizi wakajaa, na nusu ya majani ikaanguka. Akajaribu maji ya kisima, chumvi ikayaunguza majani kingo. Tangu hapo mti haunywi ila maji matamu ya bomba. Na hayo maji ya bomba nani aliyapandisha? Bi Saadiya, kwa ndoo ile ile.

Mwaka jana Bwana Badawi alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono uliochonga milango ya nusu ya mtaa ukawa wa kuinuliwa na kulazwa, na maneno yakawa yanamtoka mazito, moja moja. Kitanda chake kiliwekwa mbele ya mti, maana hilo ndilo jambo pekee aliloomba. Kazi zote zikamwangukia mkewe. Kumgeuza asipate vidonda. Kumlisha uji. Kumwosha, kumtawadhisha, kumvisha. Kisha, akidhani amemaliza, mkono wa kushoto unainuka na kidole kinanyooka: jani lile pale lina vumbi. Anapangusa. Kidole kinahama: na lile. Jani likivunjika linatoa utomvu mweupe unaonata, ukishika kwenye leso hautoki kwa sabuni yoyote, na Bi Saadiya sasa hana leso isiyo na madoa hayo. Kofia alizokuwa akishona zimelala kikapuni, sindano imechomekwa pale pale alipoiachia.

Alikuwa na wa kumsaidia, na hili ndilo linaloniudhi. Uthman, mdogo wake Bwana Badawi, anakaa Wiyoni, si mbali, na kila siku baada ya alasiri alipita kumjulia hali nduguye.

"Shemeji, yeo nipa mimi nimuoshe," alikuwa akisema. "Wewe upumzike."

Bwana Badawi akisikia hivyo aligeuza uso ukutani. Yeye ndiye aliyemlea Uthman baada ya baba yao kufa. Ndiye aliyemwogesha, aliyemzaba makofi, aliyemshikisha patasi. Leo avuliwe nguo na mtoto yule? Heri alale mchafu. Na Bi Saadiya, badala ya kusema neno, alijikaza kisabuni. "Sina neno, Uthman. Naweza."

Hakuweza. Mgongo ulimkaza hata akaanza kusali ameketi. Tena siku nyingine, akimpangusa mumewe mdomo, alijikuta anapangusa kwa nguvu kuliko haja, akajua ile ni hasira. Jambo hilo lilimtisha kuliko mgongo. Mtu huyu hajawahi kumpandishia sauti maisha yao yote, na yeye yuko mbioni kumchukia.

Asubuhi moja alikuwa anapanda na ndoo, katikati ya ngazi mgongo ukakataa. Ndoo ikamponyoka, ikabiringika mpaka chini, maji yakatiririka hadi mlango wa nje. Akaketi pale kwenye majimaji, leso imeloa. Juu, mumewe alikuwa akigonga ubao wa kitanda.

"Mai," alikuwa akiomba maji. "Mti. Mai."

Alipanda mikono mitupu, akasimama kati ya kitanda na mti.

"Bwana," alisema, "mimi siku ile sikutaka mti."

Bwana Badawi akamtazama.

"Nilitaka mpira wa mai. Ule wa kutia bombani, uvute mai mpaka darini. Ndipo nikakwambia uwe mrefu. Ukaniletea mti, nami miaka yote hii naupandishia mai kwa ndoo."

Bwana Badawi akautazama mti, akamtazama mkewe, akautazama mti tena. Mdomo ukaanza kumcheza. Bi Saadiya alidhani analia, akajuta. Kumbe ni kicheko, kinatokea upande mmoja tu, kinakwaruza, cha kwanza tangu augue. Naye akashindwa kujizuia. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na mume aliponyamaza, ya mke yaliendelea kutoka.

"Mbona hukunena?" aliuliza Bwana Badawi.

"Uliufurahia."

"Nena sasa."

"Nimechoka, Bwana. Si mti. Ni wewe. Kukuinua, kukugeuza, kukuosha. Sina nguvu tena, na naogopa nitakuchukia."

Hajapata kumwambia mtu maneno kama hayo tangu azaliwe. Bwana Badawi alifumba macho, na alipoyafumbua hakumtazama.

"Mwite Uthman."

"Kama hutaki, Bwana..."

"Sitaki," alisema. "Mwite."

Uthman alikuja mbio, akidhani ni msiba. Alipoelezwa alielewa, ana akili yule. Alikunja mikono ya kanzu, akateka maji, akasoma bismillahi. Bwana Badawi akainua mkono wake wa kushoto ili nduguye amvue fulana. Ilipotoka, akaushusha mkono ule ule juu ya uso wake, akajifunika macho.

Bi Saadiya akauvuta mlango taratibu. Aliketi kwenye ngazi kuwangojea, na kabla hawajamaliza alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta.