Vumbi Lililomfuata Hatibu

Mwaka 1954 Selestine alikuwa dresa, mhudumu wa wagonjwa, katika zahanati ya mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Kila Jumatatu aliwafundisha wagonjwa wa kifua wajiepushe na vumbi la mawe na moshi wa kuni.

Mzee Hatibu, aliyetoboa miamba tangu ujanani, aliyashika mafundisho hayo. Aliacha kazi, na mkewe Mwahija, mama wa Zamoyoni, akahamishia mafiga nje. Lakini upepo ulileta vumbi la kinu cha kusaga mawe mpaka kitandani mwao.

"Bwana dresa," Hatibu aliuliza, akihema, "hili la nyumbani nilikimbie niende wapi?"

Selestine akaenda kwa msimamizi kumwombea nyumba nyingine, mbali na kinu. Akajibiwa kwamba nyumba za mgodi ni za wafanyakazi, na Hatibu aihame hata hiyo aliyo nayo.

Jumatatu iliyofuata Hatibu alikuja amechoka.

"Nimepata kazi ya kufagia kinuni," alisema. "Tukitolewa nyumbani, Mama Zamoyoni nimlaze wapi, mwanangu?"

Selestine akaendelea kufundisha. King'ora cha zamu kilipolia, Hatibu aliinuka taratibu, akaaga, akaenda kinuni.