Bwana Yangu Ako Kampala, Lakini Yeye Ndiye Anafunga Internet ya Telefone Yangu

Admin, tafazali jina langu libaki kwako, juu familia ya bwana yangu inasoma hii page. Niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na moja, niko na watoto wawili, ninashona nguo hapa Goma, upande wa Katindo. Bwana yangu ni technicien wa internet, anatumika Kampala. Mimi nilibaki na watoto na mama mukwe.

Mbele ya kwenda, aliweka routeur nyumbani, kile kisanduku cha kugawa koneksio. Nilifurahi, nilisema ni mapendo. Kumbe aliipanga ili aweze kuingia ndani yake akiwa kule, aamue telefone gani ipate internet na gani isipate. Nikichelewa kumujibu, ananikata. Nikimuuliza kwa nini haulizii watoto, ananikata. Telefone ya mama mukwe inaendelea vizuri, yangu peke ndiyo inakufa mpaka niombe musamaha. Wateja wanatuma modeli za nguo, sioni kitu. Siku moja nilinunua mega zangu za internet kwa telefone. Mama mukwe alimwambia, na yeye akaniuliza ni mwanaume gani ninamuficha. Toka pale niliogopa kununua tena.

Mwezi uliopita nilienda kilio kwa rafiki aliyefiwa, bila kumuaga bwana yangu. Akanikata. Nikasema moyoni, safari hii siombi musamaha. Kumbe siku zile mama yangu kule kwetu kijijini, Kalengera, alikuwa anatapika damu. Mudogo wangu hakuwa na crédit ya kupiga simu, alibaki na mega kidogo, alikuwa ananiandikia kwa internet tu. Mimi sikuona hata moja. Nilipata habari kwa dereva wa kwetu aliyekuja kugonga mulango: mama alishaletwa hospitali hapa mujini, alishapasuliwa.

Nilimukuta amekonda, sauti haitoki. Aliniangalia, akasema, «Mwanangu, nilifikiri ulishachoka na mimi.» Ningeanzia wapi kumweleza mambo ya routeur mutu mugonjwa?

Nilirudi nikamusihi mama mukwe aombe mwanawe anifungulie. Alisema mwanawe analinda nyumba yake.

Basi nikaita rafiki niliyesoma naye, yeye pia anajua hizi kazi. Rafiki alikuja wakati mama mukwe alikuwa kanisani. Alinieleza kama bila mot de passe ya bwana yangu, lile neno la siri, hatuwezi kuingia, lakini nyuma ya kisanduku kuna kitundu kidogo. Ukifinya pale, mipango yote inafutika, unapanga upya. Aliniuliza kama niko tayari kweli. Nikachukua sindano ya kushonea, nikafinya mimi mwenyewe.

Tuliweka mot de passe mupya, tukafunga na ile njia yake ya kuingia kutoka mbali. Mara message zote zikaanguka. Mudogo wangu aliandika, «Dada, mama anakuita.» Halafu tena, na tena. Nilikaa chini nikalia.

Mama mukwe nilimupa mot de passe, sikumunyima. Bwana yangu akapiga kwa telefone ya mama yake, hakukasirika hata, alisema polepole, «Unitumie mot de passe na unifungulie njia yangu. Ukikataa, samedi niko Goma, ninabeba watoto wangu.»

Kaka yangu anasema nimupe, ndoa isivunjike juu ya kisanduku. Yule rafiki aliyenisaidia anasema nikimupa, atanifunga tena, na safari hii nitaambiwa mama alishazikwa. Mama anatoka hospitali wiki hii, na hapa mujini hana pengine pa kulala isipokuwa kwangu.

Leo ni jeudi, samedi ni kesho kutwa. Mama mukwe ameanza kukunja nguo za watoto. Ule mutoto wangu mudogo ananiuliza kama Kampala kuna masomo ya Kifaransa.

Wamama na wapapa munaosoma hapa, akili yangu imefika mwisho. Nimupe, ao nisimupe? Munijibu mbele ya samedi.