Sentensi Inayolilia Mama Yake

Jumamosi hii nimepita! Naandika haraka kabla sijaanza kujishuku.

Katika darasa letu la watu wazima hapa Kitengela, mwalimu alisema wazi kwamba asiyejua kuunganisha sentensi za Kiingereza hatasajiliwa kwa mtihani mwaka huu. Mimi niliacha shule mapema. Kila sentensi mbili nilizopewa niliziunganisha kwa "and". Mwalimu alitaka moja itegemee nyingine, na kichwa changu kikakataa kabisa.

Mama mmoja Mmaasai, ambaye huja darasani akishanywesha ng'ombe, alinicheka.

"Wewe dada, hujawahi kuchunga! Ukiweka 'and', hiyo ni ng'ombe mbili, kila moja inatembea yenyewe. Sasa weka 'because' mbele ya moja. Hiyo imekuwa ndama. Ukiiacha peke yake italia mpaka ione mama yake."

Niliandika, "Because the rain failed," yaani kwa sababu mvua ilikosa, na walahi nikaisikia ikilia! Nikaiongezea, "we sold the goat," tuliuza mbuzi, ikanyamaza. Nilifanya maswali yote kumi ya zoezi hivyo hivyo, nikampa mwalimu daftari.

Leo mwalimu amenirudishia daftari. "Nimekusajili. Nani amekufundisha?"

Ningenyamaza sifa ingebaki kwangu, lakini haingekuwa haki. Nikamwonyesha yule mama.

"Basi Jumamosi ijayo atafundisha yeye," mwalimu akasema.

"Sawa, mwalimu," mama akajibu, "lakini mtaningoja ninyweshe kwanza."