Mlinzi wa Usingizi wa Pono

Jua halijachomoza Malindi, na mlango unabishwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mapenzi Kenga anaweka chini dumu la maji ya bahari na kusikiliza. Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nyumba hii ya samaki, yenye matangi kumi na mawili na madirisha mawili yanayotazama bahari, hufunguliwa saa tatu.

Anafungua mlango kidogo. Nje amesimama mwanamume asiyemjua, shati lake linanuka mananasi. Nyuma yake yuko mwanamke aliyejitanda leso, na msichana mdogo mwenye macho makavu yasiyo na usingizi hata chembe.

Mgeni anajitambulisha. Yeye ni Ziro Ngumbao, mkulima wa Adu. Wamefika na lori lililoleta mananasi sokoni, na saa mbili litageuza kurudi.

"Tumekuja kumwona pono, dada," anasema. "Tukingoja hiyo saa tatu yenu, lori litakuwa limetuacha."

"Pono tu? Kuna samaki taa, kuna mkunga, kuna kasa mtoto."

"Pono," anasema msichana. "Kwa sababu mimi ndiye Pono. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mama yake, Gladys, anacheka kwa aibu. Anaeleza kwamba mtoto anaitwa Kahonzi, ana miaka minane, na akilala hata umburute hasikii. Siku moja alisinzia darasani, mwalimu akasema amelala kama pono. Tangu hapo shule nzima haimjui kwa jina jingine.

"Nataka nimwone kama ni mbaya," anasema Kahonzi.

Mapenzi haruhusiwi kumwingiza mtu kabla ya saa tatu. Anaijua kanuni hiyo kama anavyoyajua matangi yenyewe, kwa kuwa yeye bado ni kibarua. Ana miaka thelathini na mmoja, ni mwaka wake wa sita hapa, na analipwa shilingi mia saba kwa siku anayofanya kazi. Siku anayougua hapati kitu. Juma hili barua ya kumwajiri rasmi inangoja saini ya msimamizi wake.

Anamtazama mtoto, kisha anaufungua mlango wote.

"Vueni viatu. Msigonge vioo. Na taa siwashi."

Ndani ni giza lenye sauti ya maji. Pampu zinapumua taratibu. Mapenzi anatembea na kurunzi aliyoifunga kitambaa chekundu, maana samaki wengi hawasumbuliwi na mwanga wa namna hiyo. Anasimama mbele ya tangi la pembeni, mbali na madirisha, na kuelekeza kurunzi chini ya jiwe.

Kuna kitu pale kama mfuko wa ute mwembamba, na ndani yake samaki mnene ametulia tuli.

"Hilo ni blanketi lake," ananong'ona. "Kila jioni analitoa mdomoni mwake mwenyewe, anajifunika. Asubuhi analipasua."

"Lakini macho yako wazi," anasema Kahonzi.

"Samaki hana kope. Analala vivyo hivyo."

"Kama mwalimu wetu."

Ziro anaziba mdomo asicheke. Gladys anamfinya binti yake, huku yeye mwenyewe ameuma ncha ya leso asicheke.

Kahonzi anataka taa iwashwe amwone vizuri. Mapenzi anatikisa kichwa. Mwezi wake wa kwanza kazini aliwasha taa zote kwa ghafla, akidhani anawafurahisha samaki kwa kuwaletea asubuhi mapema.

"Pono alitoka kwenye blanketi kama risasi, akajigonga kwenye kioo," anasema. "Alikufa mikononi mwangu. Nililia kama nimefiwa na mtu."

Hakuwa amezoea kuwalilia samaki. Amekulia Kibarani, mjini Kilifi, na mama yake ni mama karanga, anayekaanga samaki kando ya barabara. "Pono nilimjua kwenye karai, amechanjwa mara tatu ubavuni. Sikujua kwamba anajitandikia."

Tangu siku ile hufika kabla ya mapambazuko. Huleta maji kwa mkokoteni bahari inapojaa. Mvua zikinyesha bara na mto Sabaki ukaleta tope hadi ufuoni, huyafuata maji safi mbali zaidi. Kisha huketi sakafuni na kuuacha mchana uingie wenyewe.

"Sasa tungoje," anamwambia Kahonzi.

"Na wakija kututoa?"

"Hutoki humu kabla hajaamka. Nakuahidi."

Wanaketi wote wanne juu ya mkeka. Kwanza madirisha yanakuwa ya kijivu. Halafu, pole pole, ukuta wa kwanza unageuka maji, na ndani ya maji samaki mmoja wa manjano anaanza kuwapo. Wa pili anatokea, mwembamba, mwenye mistari. Taa aliyejifukia anajikung'uta mchanga na kupaa kama nguo iliyochukuliwa na upepo. Tangi moja linafuata jingine, kana kwamba bahari inakumbuka vitu vyake kimoja kimoja.

Gladys hajawahi kuona samaki hai isipokuwa kambare wa bwawani. "Ziro," anasema kwa sauti ndogo, "hivi vyote vilikuwako siku zote?"

Mapenzi ana ndoto moja. Wenye ajira rasmi hapa hulipiwa mafunzo ya kupiga mbizi. Akiyapata, anataka kuomba tangi dogo la kubebeka alipeleke katika shule za bara, Adu na kwingineko, watoto wawaone samaki kabla ya kuwakuta kwenye sahani.

Saa moja inapiga, na pono hajaamka. Saa moja na robo mlango unafunguliwa. Ni Mwaura, msimamizi, mtu wa taratibu na asiyepaza sauti.

"Mapenzi, hawa ni nani?"

"Wageni wangu, bosi."

"Saa hii?" Anaitazama familia, kisha anamvuta Mapenzi kando. "Watoke sasa hivi, nami sijaona kitu. Wakibaki lazima niandike. Nikiandika, ile barua yako inarudi nyuma miezi sita. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi?"

Ziro ameshainuka, viatu mkononi. "Dada, tumeona vya kutosha. Usijiharibie kwa ajili yetu."

Kahonzi bado ameketi mkekani. Anamtazama Mapenzi tu.

"Keti, kaka," anasema Mapenzi. Kisha anamgeukia Mwaura. "Nilimwahidi mtoto. Andika, bosi."

Mwaura anasimama kidogo, kama mtu anayetafuta njia nyingine asiione. Anachomoa kalamu mfukoni, anatazama saa yake, anaandika.

Mwanga umefika kwenye tangi la pembeni. Chini ya jiwe ule ute unatikisika, unachanika, na pono anatoka. Ni wa kijani na samawati, mapezi yake yana ukingo wa waridi, na mdomo wake ni kama wa kasuku. Anazunguka mara moja bila haraka na kuja mbele.

Kahonzi anasogea mpaka pua yake inagusa kioo.

"Mimi huyo," anasema.