Sauti ya Mwisho Upande wa Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini nililipwa kusikiliza kimya. Fundi Mkuu wa studio, mtu mfupi aliyevaa tai hata akiwa chini ya meza akiunga nyaya, alinivalisha hedifoni nzito zilizobana masikio, akazima kila mashine isipokuwa amplifaya, akakaa akinitazama. Baada ya dakika kama tano aliniuliza, "Umesikia nini?"

"Hakuna kitu, bwana."

"Na hicho 'hakuna kitu' kimekaa vipi?"

Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka nimwambie kuwa upande wa kushoto kulikuwa na mvumo mdogo wa stima, na kuwa mimi mwenyewe nilikuwa napumua kwa fujo. Jioni nilirudi Makongeni kwa miguu nikijiuliza nitamweleza vipi baba. Yeye alikuwa mtu wa reli, na kwake kazi ilikuwa kitu unachoinua kwa mikono miwili. Mwanawe alikuwa ameajiriwa kusikiliza hewa.

Nawaandikia ninyi mnaopita Jogoo Road na vidude masikioni, ambao mkiambiwa hedifoni fulani ni nzuri mnauliza tu kama ina besi. Besi ni sauti ya chini, ile ya kutikisa kifua, na hata mimi naipenda. Lakini hedifoni yenye besi peke yake ni mchuzi wenye chumvi peke yake. Miaka saba kwa Fundi Mkuu ilinifundisha kusikia na vingine: sauti ya kati wanamokaa waimbaji, sauti ya juu yenye matoazi na herufi s, na kile tulichokiita upana wa jukwaa, yaani hedifoni kukufanya ujue nani amesimama wapi.

Studio ilipofungwa nilichukuliwa na duka moja la mjini lililoagiza vifaa vya muziki, nikapewa cheo cha Mlinganishi wa Sauti. Mama mkwe aliambia watu natengeneza redio, nami nikamwacha. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha hedifoni za bei kali na kuandika kadi ya maelezo ambayo mteja angeisoma kabla ya kununua. Meneja wa Tawi alikuwa askari mstaafu asiyependa maneno mengi. "Zote ni nzuri," aliniambia, "lakini iliyokaa sana stoo ni nzuri zaidi." Hapo tuligombana kwa miaka kumi na miwili. Miaka hiyo yote sikuwahi kuandika uongo kwenye kadi, na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kwanza unasawazisha nguvu ya sauti, kwa sababu hedifoni ikipiga juu kidogo kuliko mwenzake, mteja ataapa kuwa hiyo ndiyo bora. Pili unamfunga mteja macho kwa kitambaa, asichague kwa kuangalia ngozi na mbao. Wakili mmoja, akiwa amefungwa macho hivyo, aliwahi kuzisifu hedifoni kwa utulivu wake wa kifahari. Nilikuwa bado sijazichomeka.

Tatu, unapima kwa wimbo unaoujua vizuri, hata kama huupendi. Wangu ulikuwa wimbo wa mavuno wa kwaya yetu ya Makongeni, niliourekodi mwenyewe kanisani kwa vifaa nilivyoazima kwa Fundi Mkuu. Maikrofoni nilizipanga kwa kushoto na kulia kwetu waimbaji, nikawasha mashine, nikaenda kusimama safuni. Niliujua wote. Rispa wa soprano huvuta pumzi kabla ya wenzake. Ubeti wa pili mtu anakohoa. Na mwisho wa ubeti wa tatu, kwenye safu ya besi, kuna sauti moja inayoshuka chini ya tuni na kukaa huko bila wasiwasi, kama mtu aliyeshukia kituo kisicho chake na hajui.

Sauti hiyo nilisema ni ya Musyoka.

Musyoka, Baba Mwende, alikuwa dereva wa baraza la jiji na rafiki yangu tangu tukiwa vijana. Tulisimama pamoja kwenye besi, yeye kushoto kwangu, mimi mwisho kabisa kando ya dirisha. Nilipomchezea mwalimu wa kwaya kanda ile, aliuliza ni nani anayetuharibia, nami nikamjibu bila kusita. Nani angebishana na mtu anayelipwa kusikiliza? Baada ya mazoezi mwalimu alimwambia Musyoka kwa upole, "Baba Mwende, tunakuomba utusaidie na majoho."

Hakuimba tena; alitusaidia na majoho. Aliyapiga pasi vizuri sana hata ikawa aibu kumtazama. Baadaye alihamia mtaa wa Kware kwa binti yake na kanisani kwetu akaacha kuja. Tukikutana tulisalimiana kama watu wa foleni ya benki. Nilimkosa, lakini nilijiambia kazi ni kazi.

Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa nimehamishiwa tawi jipya, chini ya Meneja wa Mauzo, msichana wa mtaa wa Huruma mwenye akili kali. Siku moja akaniletea hedifoni ndani ya sanduku la mbao. Zilikuwa za aina ya wazi, maana yake mgongo wake una wavu na sauti inapumua nje badala ya kujifungia sikioni. "Mzee, hizi ukizipitisha tunaagiza zingine," akasema. "Ukizikataa zinarudi zilikotoka."

Nilizichomeka, nikasawazisha nguvu, nikaweka wimbo wangu. Jamani, sijawahi kusikia kitu kama kile. Rispa alikuwa palepale alipokuwa amesimama. Aliyekohoa nikamjua: mke wangu, ambaye amekana miaka yote. Hedifoni nyingine zote ziliirundika safu ya besi mahali pamoja, lakini hizi ziliipanga mtu kwa mtu, na Musyoka akatokea, sauti yake imenyooka. Ubeti wa tatu ukafika. Ile sauti ikashuka. Ilitoka kulia kwake, mwisho kabisa, kando ya dirisha.

Nilizivua. Nikazigeuza kushoto kulia, nikasikia mtu wa dirishani amehamia mlangoni na bado anashuka. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha amplifaya. Ilipoisha mashine ya kulaumu nikamwita Meneja asikilize, bila kumwambia lolote.

"Ziko poa sana," akasema huku kafumba macho. Kisha akakunja uso. "Lakini mzee, huyu wa mwisho huku kulia ni nani? Anaimba ni kama anasukuma kabati."

"Simjui," nikasema.

Mtu haijui sauti yake mwenyewe, kwa sababu ukiimba unajisikia kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa hukupendelea. Hilo nilikuwa nimewaeleza wateja mara nyingi. Lakini siku hiyo nilichukua kalamu nikaandika kwenye kadi: *Zina kasoro upande wa kulia. Hazifai.* Huo ndio uongo wa pekee niliowahi kuandika, na niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Sikula vizuri siku mbili. Niliwaza vile majoho yalivyokuwa yakining'inia bila kunyanzi. Siku ya tatu Meneja alikuwa anafunga sanduku lirudishwe, nikamwomba kadi yangu. Niliichana mbele yake, nikamwambia mwimbaji wa kabati ni mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipoona mimi sicheki akaacha, akasikiliza habari yote, kisha akanisukumia sanduku. "Enda nazo Kware Jumamosi, mzee. Jumatatu nizipate zikiwa sawa."

Nilipanda ghorofa sita nimezificha kwenye kikapu chini ya sukuma wiki. Musyoka alikuwa ameketi dirishani. Magoti yake hayataki ngazi tena. Nilimvalisha hedifoni tu, nikacheza wimbo kutoka kwa kimashine changu. Alisikiliza hadi mwisho, midomo ikifuata maneno.

"Ni mimi," nikamwambia alipozivua. "Si wewe. Ilikuwa ni mimi, Baba Mwende. Nisamehe."

"Najua ni wewe."

"Umesikia sasa hivi?"

"Wewe Baba Ayub, nilisimama hapo kando yako miaka mingapi? Ulikuwa unaniimbia ndani ya sikio."

"Na mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mwenye masikio ulikuwa wewe." Hakusema kwa hasira. Aliangalia nje kidogo. "Lakini iliniuma. Nilipenda kuimba."

Nililia pale, mtu mzima na kikapu changu cha mboga, na Musyoka akamwomba binti yake alete chai.

Sasa nimestaafu. Hedifoni zile zilipita, na kwenye kadi yake mpya nilisema kweli tupu. Nilimweleza mwalimu wa kwaya, na mbele ya watu wote, lakini Musyoka hawezi tena kushuka zile ngazi kuja kanisani. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada mimi ndiye ninayepanda. Watu huniuliza kama sikio langu bado ni zuri, nami huwaambia wamwulize Musyoka. Tunakunywa chai, tunaimba wimbo wa mavuno, yeye kushoto, mimi kulia. Juzi tuliumaliza bila kusimama, nikamgeukia nikiwa nimejaa matumaini.

"Umeshuka," akasema. "Rudia."

Nikarudia.