Mwaka wa Mwisho wa Bingwa

Karakana yetu ya miguu ya bandia iko nyuma ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia. Mimi nashona mikanda ya ngozi, ile inayoushika mguu usichomoke, na kwa kuwa umri wangu umesogea, kila mtu hapa huniita shangazi. Fundi mkubwa kwetu ni Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, tukalikubali kwa sababu kazi yake haina mjadala: mtu anaingia na magongo, anatoka anatembea. Ila ana ugonjwa mmoja usiopimwa maabara. Bingwa ana wivu. Ukisifia shati la mwenzake mbele yake, umemharibia siku.

Mdogo wake wa kike tunamwita Plasta, kwa ajili ya ule unga mweupe usiomtoka viwikoni. Bingwa ndiye aliyemleta karakana na kumfundisha kila kitu, kuanzia kuchukua umbo la kigutu, ile sehemu ya mguu iliyobaki, hadi kuchonga na kupima. Alipenda sana kumfundisha, mradi tu abaki mwanafunzi.

Kisha ikaja habari ya ufadhili. Kuna shirika linalopeleka wataalamu vijana nje ya nchi, wafanye kazi mwaka mzima kwenye karakana kubwa za huko, halafu warudi na ujuzi. Hospitali yetu hupewa nafasi moja kila mwaka. Bingwa aliomba mara ya kwanza, akachukuliwa fundi wa eksirei. Akaomba tena, akaenda muuguzi. Sasa alikuwa anaikaribia miaka thelathini na tano, na kwa mujibu wa shirika ukifika hapo ujana wako umekwisha. Ilikuwa mwaka huu au basi. Bahati nzuri mwaka huu walitaka fundi wa viungo bandia. Bahati mbaya majina mawili yalipita mchujo, lake na la Plasta.

Alimkuta dada yake anakoroga plasta.

"Kumbe na wewe uliomba."

"Niliomba, kaka. Si nilisema mbele yako?"

"Nilidhani unatania."

Akarudi benchini, akapiga tupa siku nzima.

Baada ya hapo akaanza kupita mlango wa nyuma. Alimwendea mama yao, na mama akamwita binti yake: "Mwanangu, wewe bado una miaka mingi mbele. Mwachie kaka yako." Akamtuma mjomba. Akamtuma hata mkewe, ambaye alikuja hadi kwenye cherehani yangu ili nimshauri wifi yake. Nikamwambia kazi yangu ni kushona ngozi, mambo ya familia za watu sishoni. Kila aliyetumwa, Plasta alimjibu neno moja: "Nimesikia." Neno hilo lilimtafuna Bingwa kuliko kama angekataliwa.

"Anajiona," aliniambia. "Mimi ndiye niliyemfundisha kushika tupa. Leo yeye apande ndege, mimi nibaki nanusa gundi?"

"Ni mdogo wako."

"Ndiyo maana inauma, shangazi. Angekuwa mtu baki ningemtakia safari njema."

Angalau hapo alisema kweli. Hata mimi ninawaonea kijicho hao wanaosafiri, maana sijasikia shirika linalopeleka washona mikanda popote.

Wasaili wa shirika walikuja wenyewe karakana. Kila mwombaji alitakiwa amvalishe mgonjwa wake mguu mpya na kumtembeza mbele yao. Bingwa alimleta mama mmoja muuza mboga. Mama akavaa, akasimama, akaenda mlangoni na kurudi kama aliyezaliwa na mguu ule. Hapakuwa na la kurekebisha wala la kuuliza. Wasaili wakasema vizuri sana, wakaandika kidogo, wakageuza karatasi. Bingwa akaegemea ukuta na kukunja mikono, uso umetulia kupita kiasi.

Mgonjwa wa Plasta alikuwa dereva mstaafu. Aliposimama tu, goti likasukumwa nyuma, akawa anatembea kama mtu anayepanda kilima. Mguu haukuwa na kasoro. Lakini mguu wa bandia hupangwa kufuata kimo cha kisigino cha kiatu, na mzee huyu, ambaye siku zote za majaribio alivaa viatu vya ngozi vyenye kisigino, leo alikuja na ndala.

Plasta akapiga magoti mbele yake. "Baba, viatu vyako viko wapi?"

"Si niliambiwa nije na ndala? Eti joto kali, tutakaa sana."

"Uliambiwa na nani..." Hapo akageuka kumtazama kaka yake. Bingwa alikuwa anakagua dari. Nikaelewa.

"Haya, baba, keti kidogo," alisema Plasta. "Shangazi, nipe kipande cha soli nene."

Nikampa. Akakichonga kabari, akakibandika chini ya kisigino cha ule mguu, akatazama, akapunguza tena, huku akiwaeleza wasaili kila anachofanya na kwa nini. Mzee akasimama, goti limetulia. Akaenda mlangoni, akapitiliza hadi nje, ikabidi tumwite arudi. Wasaili waliacha viti vyao wakainama kuutazama ule mguu.

"Nani alikufundisha kuanza na kiatu?" aliuliza mmoja wao.

"Kaka yangu. Yule pale."

Wakampigia Bingwa makofi. Sijawahi kuona mtu akishangiliwa na bado anatamani ardhi ipasuke.

Nafasi alipewa Plasta. Kwetu fundi anayeondoka huwakabidhi wagonjwa wake kwa anayebaki, mmoja mmoja, kwa mdomo. Siku ya kukabidhi walikaa benchini, mimi nikiwa karibu nao. Walipofika kwa yule dereva, Plasta akasema bila kupandisha sauti:

"Mzee ameniambia ni nani aliyemwambia avae ndala."

Bingwa alichukua mguu mmoja uliokuwa benchini, akaugeuzageuza. Hakukana.

"Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho," alisema. "Wewe una mwakani, una na mwaka utakaofuata. Ungeniachia tu."

"Mama alikuja kuniomba. Mjomba akaja. Wifi akaja. Wewe tulikuwa tunakaa benchi moja kila siku, hukufungua mdomo kuniomba." Plasta akavua aproni. "Nilikuwa nakusubiri wewe tu. Ungeniomba mwenyewe, kaka, ningekuachia."

Akatoka kwenda kumuaga mama yao. Nje mgonjwa aliyefuata alibisha hodi mara kadhaa, na Bingwa alibaki amesimama na mguu wa mtu mkononi, hajui auweke wapi.